Vifuu vya Pangani na mwale wa myuoni: siku 11 Uingereza

Nimerudi Dar wiki ya tatu sasa, na maswali bado yanaingia kwenye simu: ulikwenda kufanya nini hasa, na ule unga mweusi kwenye picha ni wa nini? Daftari langu lina madoa ya chai, baadhi ya kurasa nilizijaza saa tisa usiku nikiwa na usingizi. Nimeisokota safari upya kwa hizo kurasa na picha za simu. Palipochosha nimeruka.

Siku ya 1, Alhamisi. Dar es Salaam

Nianze na unga. Shangazi yangu yuko Pangani, anauza vitumbua, na kila siku hukuna nazi nyingi. Vifuu huvitia jikoni kama kuni, vichache humpelekea fundi wa upawa. Mimi nilimwomba gunia zima. Nilivichoma maabara katika tanuri lililojaa gesi ya agoni, ambayo haiunguzi kitu, kwa nyuzijoto 1,300, nikavisaga. Kinachobaki huitwa kaboni ngumu: kama grafiti (kaboni ya penseli) iliyovurugika, kurasa zake hazikulaliana sawasawa, zimeacha vijinafasi. Humo sodiamu inaweza kuingia na kutoka, na hapo unapata upande mmoja wa betri. Nazi na chumvi, vitu ambavyo pwani yetu haijawahi kuvikosa.

Swali letu lilikuwa moja: sodiamu ikishaingia humo, inatembea vipi? Ndilo lililonipeleka Harwell, kampasi ya utafiti huko Oxfordshire, kwenye mwale wa myuoni, chembe nitakayoieleza Siku ya 8.

Unga niliugawa mara mbili, chupa moja begi la mkononi, nyingine sanduku kubwa. Kwenye ukaguzi chupa ilinisimamisha.

"Hii nini?"

"Makaa ya vifuu vya nazi, afande."

"Unapeleka makaa Uingereza?"

Wenzake wakacheka. Nikatoa barua ya mwaliko, karatasi ya usalama wa kemikali, na barua ya idara yenye muhuri. Kijana akafuta chupa kwa kitambaa, akakiingiza mashineni, akasoma, akafuta tena. Nyuma yangu foleni imeanza kukohoa. Akaja mama mmoja, mkubwa wao. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku akigeuza chupa kwenye mwanga. "Mwacheni mwalimu apite. Mimi kwetu Mafia, kifuu nakijua hata kikiwa majivu." Kisha kwa sauti ya chini: "Lakini mwanangu, siku nyingine andika jina kubwa kubwa hapa juu. Unga mweusi usio na jina unatafutiwa jina."

Kwa atakayefuata: andika jina la sampuli kwa Kiingereza kwenye chupa yenyewe, beba barua zilizochapishwa, usitegemee simu. Viza ya mgeni ya miezi sita ilikuwa paundi 115 wakati ule, kama shilingi 380,000 kwa kiwango cha benki yangu. Omba mapema. Yangu ilitoka siku nne kabla ya ndege na nilikuwa nimeanza kukonda.

Siku ya 2, Ijumaa. Heathrow, kisha kaskazini

Nimefika, sanduku halijafika. Dada wa kaunta alinipa karatasi yenye namba na kuniambia siku mbili, labda tatu. Ndani ya sanduku mlikuwa na koti zito, chupa ya pili ya unga, na ubuyu wa zawadi. Nje mvua ile nyembamba isiyonyesha wala kuacha.

Basi la kwenda mji wa kaskazini, iliko maabara ya mwenyeji wangu, lilikuwa paundi 28. Niliketi karibu na mama wa Kighana aliyekuwa akirudi kazini. Aliniangalia na kikoti changu cha Kariakoo, hakusema kitu, akafungua mkoba na kunivisha skafu shingoni kama anavyomvisha mtoto. Aliposhuka nikataka kumrudishia, akanikemea. Skafu ninayo hadi leo.

Siku ya 3 hadi ya 6

Maabara, kutwa. Tulichukua chupa ya mkononi tu, maana ndiyo iliyokuwapo, tukaupa unga sodiamu katika mafungu mawili. Baada ya hapo haugusi hewa tena: kila kitu hufanyika ndani ya sanduku la glavu lililojaa agoni, mikono yako ikiwa ndani ya mipira minene kama ya kuoshea vyoo. Sanduku langu lilifika Jumatatu. Unga wa pili ulikuwa umechelewa mno kutiwa sodiamu, nikauweka kabatini. Mwenyeji wangu, ambaye ni mtafiti aliyenitangulia sana na mimi humwita dada, aliuona wakati wa kufunga vitu.

"Huo nao chukua."

"Lakini mtupu."

"Chukua. Haulii chakula."

Siku ya 7, Jumatano. Kuelekea Harwell

Dada alitangulia kwa gari na sampuli zilizofungwa mara mbili. Mimi nikapanda treni, paundi 41, kwa kuwa nilinunua tiketi wiki mbili kabla. Siku yenyewe bei ilikuwa zaidi ya mara mbili. Treni ya kuunganisha ilifutwa, nikakaa dakika 70 kwenye benchi la chuma na sandwichi ya yai. Kutoka Oxford hadi Didcot ni karibu sana, hata hukai vizuri.

Stesheni inaitwa Didcot Parkway. Basi la kwenda kampasi ya Harwell linaondokea hapohapo nje, na nauli ya basi Uingereza wakati ule ilikuwa imewekewa kikomo cha paundi 2 (Januari 2025 kilipanda hadi 3). Niliona taa zake za nyuma tu, likiondoka. Teksi, paundi 22. Ndiyo bei ya kusimama kupiga picha ya stesheni. Dereva ni Mpakistani, tukasalimiana salaam alaikum, akaniuliza kama mimi ni daktari. Nikamwambia napima kaboni ya vifuu. Akafikiri kidogo. "Nyanya yangu alikuwa akivisafishia meno. Makaa yake." Mlangoni alichukua 20.

Hapa palikuwa uwanja wa ndege za kivita, na mwaka 1946 pakageuzwa kituo cha utafiti wa atomiki. Ukiingia unaona kwanza jengo la mviringo la rangi ya fedha, kubwa kama uwanja wa mpira: hilo ni Diamond, la miale ya eksirei. Tuliyoijia sisi haionekani. ISIS, mashine ya nutroni na myuoni, imejificha ndani ya majengo ya kawaida na kilima cha udongo kilichofunika pete yake. Jina ni la mungu wa kike wa Misri ya kale, na pia ndivyo watu wa Oxford wanavyouita mto Thames unapopita kwao.

Chakula cha jioni: kiazi kikubwa kilichookwa, kimepasuliwa na kumwagiwa maharage ya kopo. Maharage yana sukari. Nimejaribu kuwaelewa.

Siku ya 8, Alhamisi. Tunaanza

Asubuhi ni mafunzo ya usalama na maswali yake, kisha beji ya kupimia mionzi unayovaa kifuani muda wote. Ukiisahau chumbani, unarudi kuifuata. Niliisahau mara mbili.

Kisha mwanasayansi wa kituo akatutembeza. Nitaeleza kama nilivyomweleza shangazi.

Mashine inachukua protoni, inaziendesha kwenye pete yenye mzingo wa mita 163 mpaka zifikie asilimia 84 ya kasi ya mwanga, kisha inazirusha mara 50 kila sekunde. Nyingi zinakwenda kugonga metali ya tungsteni, na kila protoni inapogonga hutimua nutroni kadhaa. Nutroni hazina chaji, basi zinapita ndani ya chuma kinene bila kusukumwa na umeme wa atomi, na zinaona vizuri vitu vyepesi ambavyo eksirei haivioni sana, kama hidrojeni na lithiamu. Nutroni za kwanza hapa zilitoka Desemba 1984. Lakini kabla ya kufika kwenye tungsteni, protoni hupita katika kipande cha grafiti cha milimita 10. Chache hugonga humo, na matokeo yake, baada ya hatua moja ya katikati, ni myuoni.

Myuoni ni kitu kama elektroni iliyonenepa mara 207, na maisha yake kwa wastani ni sehemu 2.2 za milioni za sekunde. Ichukulie kuwa ni mjumbe aliyebeba dira. Wajumbe wote wanaingia kwenye sampuli dira zikielekea upande mmoja, wanasimama ndani, na kila dira inaanza kuyumbishwa na sumaku ndogo zilizo jirani, kwetu sisi viini vya sodiamu. Mjumbe anapokufa hurusha positroni (elektroni yenye chaji chanya), na mara nyingi huirusha kule dira ilikokuwa imeelekea. Chombo chetu, EMU, kina vigunduzi 96 mbele na nyuma ya sampuli. Vinahesabu tu: mbele ngapi, nyuma ngapi, baada ya muda gani. Sodiamu ikikaa tuli, dira inayumba kwa namna moja. Sodiamu ikianza kurukaruka, misukumo inafutana na dira inatulia. Aliyewahi kukaa kwenye ngalawa anajua: wimbi moja refu hukupeleka, vijiwimbi vya kila upande hukuacha ulipo.

Shangazi aliuliza swali ambalo hata kwenye semina sikuulizwa: "Na huyo mjumbe, hana mguu mwenyewe? Yeye hatembei?" Nilimjibu ovyo. Swali lilinirudia Jumamosi.

Tulifungia fungu la kwanza la sodiamu kwenye kisanduku cha titani chenye dirisha jembamba, bolti nane. Sita nilikaza mimi. Saa kumi alasiri tukakagua eneo, tukatoka, tukageuza ufunguo, mwale ukafunguliwa.

Siku ya 9, Ijumaa, kuanzia saa tano usiku wa Alhamisi

Zamu ya usiku ni yangu na dada. Kibanda cha EMU ni chumba kidogo chenye skrini, viti vilivyochoka, na biskuti zilizoachwa na kikundi kilichopita. Desturi ni kwamba na wewe unaacha. Nilimpa dada upawa wa kifuu niliomletea kama zawadi ya ukutani. Akakorogea kahawa.

Saa nane usiku akaniita kwenye kipimo cha ombwe, ile nafasi isiyo na hewa kuzunguka kisanduku. Namba iliyotakiwa kushuka ilikuwa inapanda. Agoni inavuja kutoka kisandukuni.

Sina haja ya kuzunguka: bolti mbili kati ya zile sita niliziingiza mshazari, utepe wa indiamu, metali laini ya kuzibia, haukubana. Ukikitoa kisanduku hewani, unga wenye sodiamu umeuharibu. Fungu la pili lilikuwepo, ila kulifunga upya ndani ya sanduku la glavu ni saa nne kwa haraka, na siku tulizopewa ni tatu tu, zinahesabika hata ukiwa umekaa. Mwale wenyewe hautozwi hela kwa utafiti unaochapishwa wazi. Unachopewa ni saa, baada ya ombi kushindanishwa na mengine. Milango ya maombi hufunguliwa mara mbili kwa mwaka. Dada aliandika ombi letu usiku kumi na moja, ninazijua kwa sababu alinitumia rasimu zote.

Nilikaa kimya. Dada hakunilaumu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kisha akauliza: "Ule mtupu uko wapi?"

Unga uliochelewa na sanduku. Hauna sodiamu, hewa haiudhuru, hauhitaji kisanduku cha kubana. Ukiuweka kwenye sahani ya fedha unatosha. Fedha viini vyake ni sumaku dhaifu sana, hazisumbui dira. Kwenye ombi tuliandika tutaupima "muda ukiruhusu", maneno ambayo kila mtu huandika na muda hauruhusu. Saa tisa na nusu ulikuwa ndani ya mwale. Dada akabaki na skrini, mimi nikaenda kwenye sanduku la glavu na fungu la pili. Fundi wa zamu, mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuja kunifundisha kuanzisha bolti kwa vidole viwili kabla ya spana, akizirudisha nyuma kidogo mpaka zitoe mlio mdogo wa kukaa kwenye njia. Hakuwa na wajibu nayo. Alibaki mpaka bolti ya nane.

Saa tatu asubuhi fungu la pili likaingia. Ombwe likashuka. Nikalala kwa viatu.

Siku ya 10, Jumamosi

Kutwa ni kupandisha joto ngazi kwa ngazi, na kila ngazi tunapima bila uga wa sumaku, kisha kwa uga mdogo, kisha mwingine. Kila kipimo nusu saa hivi, mamilioni ya positroni. Kazi ya mkono haipo, kuna kungoja tu, na mwale ukipungua kwenye skrini unajikuta umesimama wima kana kwamba kusimama kutausaidia.

Mwishoni mwa wiki chakula kampasini hupungua. Fanya ununuzi Didcot siku ya kuja. Mimi nilibeba mchele na tui la kopo, nikapika jikoni mwa hosteli. Kijana mmoja Mwitalia alifuata harufu. Alikuwa upande wa nutroni, kwenye chombo kiitwacho ENGIN-X, akipima msukumo uliojificha ndani ya chuma kilichochomelewa, bila kukikata. Alikula sahani mbili. Akauliza kama Afrika tunazo mashine hizi. Nikamwambia kinu cha kwanza cha nyuklia barani kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, na SAFARI-1 ya Pelindaba, Afrika Kusini, inafanya kazi tangu 1965 na ina miale ya nutroni. Myuoni za utafiti huu, hapana. Kwa hizo unachagua Uingereza, Uswisi, Kanada au Japani. "Kwa hiyo nazi zinasafiri," akasema, mdomo umejaa.

Jioni mkunjo kwenye skrini ulianza kubadilika. Joto lilipopanda, dira zikatulia, kama tulivyotarajia sodiamu ikianza kuhama. Nikaruka. Mwanasayansi wa kituo akaja, akatazama muda mrefu, akauliza kwa upole: kinachotembea ni sodiamu, au ni myuoni yenyewe?

Mguu wa mjumbe. Shangazi!

Ni swali halali, watu wa fani hii wanabishana nalo kila mara. Myuoni ni nyepesi, karibu sehemu moja ya tisa ya protoni. Ukiipasha moto inaweza kuondoka ilipokaa, na dira itatulia vilevile. Dada alifungua data ya usiku wa Ijumaa, ile ya unga mtupu, akaiweka juu ya hii. Kwenye kaboni yenyewe viini karibu vyote havina usumaku, kuna vihidrojeni vilivyobaki tu, kwa hiyo kile unachokiona humo ni tabia ya mjumbe akiwa peke yake. Mstari wa unga mtupu ulikaa karibu palepale katika joto lote tulilopima. Wa sodiamu ulihama.

Mwanasayansi akasema haijamaliza hoja, myuoni inaweza kukaa mahali tofauti sodiamu ikiwepo. Namba sitazitaja hapa, uchambuzi unaendelea. Lakini alituongezea vipimo viwili alivyotaka kuviona yeye mwenyewe, akavuta kiti.

Siku ya 11, Jumapili

Mwale wetu uliisha saa nne asubuhi. Kikundi kilichofuata tayari kilikuwa mlangoni na mabegi. Tukaacha biskuti na nusu paketi ya ubuyu, wasijue ni nini.

Nilipanda hadi Ridgeway, njia ya kale inayopita juu ya vilima vya chokaa kusini mwa kampasi. Matope meupe yalishika viatu hadi vikawa vizito kama vya mkulima. Mzee mmoja na mbwa wake walinionyesha njia kavu ya kurudi, akanisindikiza mpaka kwenye uzio bila kuulizwa. Jumapili mabasi ni machache, angalia ratiba usiku uliotangulia. Didcot hadi Reading kwa treni, Reading hadi Heathrow kwa basi la moja kwa moja, paundi 20 na ushei, na ndege ya usiku haikuwa na la kusimulia.

Sampuli hazikurudi nami. Chochote kilichokaa kwenye mwale hupimwa mionzi kwanza ndipo kiruhusiwe kutoka, na dada atazifuata. Gharama zote, ukiacha ndege iliyolipwa na mradi: viza, usafiri wa ndani na chakula, kama paundi 290. Ningeweza kushusha hadi kama 270 kama ningeliwahi lile basi.

Nilimpigia shangazi kutoka uwanjani Dar. Nikamweleza mkunjo, mjumbe, mguu, na kwamba swali lake liliulizwa na mtu mwenye shahada tatu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na vifuu vyangu vilivyobaki gunia zima, unakuja kuvichukua lini? Mvua zinakaribia na kuni sina."